Chumbani kwa mgonjwa kuna nini cha kuonea haya?

Pwani ya Waswahili haikumwacha mwari aingie chumbani bila kufundwa. Somo alimkalisha akamweleza mambo ya unyumba wazi wazi. Mwari huyohuyo akija kuugua saratani ya shingo ya kizazi miaka arobaini baadaye, huenda akapata wa kumwelekeza namna ya kunywa mofini ya kutuliza maumivu. Wa kumweleza ya chumbani hamwoni.

Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hutibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hushambulia uvimbe, lakini pia huweza kuukausha uke na kuufanya usinyae kwa makovu. Tendo la ndoa likageuka mateso. Vipo vilainishi, vipo vifaa vya kutanua uke polepole baada ya matibabu, na hata kubadili mlalo husaidia. Asiyeambiwa huona ndiyo basi tena.

Mume naye ana hofu zake: je, mionzi itamdhuru? Ataambukizwa saratani? Mionzi ya mashine haibaki mwilini mwa mgonjwa, na saratani yenyewe haimhamii mwenza. Anayepewa dawa za kemo hushauriwa kutumia kondomu kwa siku chache baada ya dozi. Maelezo hayo hayamalizi hata dakika tano.

Wapo watakaouliza: mtu hali yake ile, unyumba wa nini? Wanasahau kwamba tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya ugonjwa, imewawezesha wengi kuugulia nyumbani. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Maumivu yakitulia, mtu hukumbuka kwamba ana mume. Lakini mara nyingi amekwisha kuhamishiwa kwa mama yake, analala na dada zake, na mume anakuja kumjulia hali kama jirani. Huenda hata hataki tendo lenyewe. Anataka kukandwa mgongo, kupakwa mafuta, kulala ubavuni mwa mwenziwe.

Muuguzi anayeuliza habari za choo na usingizi aulize na hili, tena aanze yeye, maana mgonjwa ataona haya. Wodini pawe na pazia na nusu saa isiyo na wageni. Nyumbani, mama mkwe na mawifi wabishe hodi kabla ya kuingia.