Msimchape mtoto, tengenezeni choo kwanza

Shule zinapofungwa, watoto wengi wa Mombasa, Voi na Nairobi hupelekwa mashambani kwa nyanya zao. Wale wanaoshukia Taveta na kuendelea hadi Mboghoni hukuta karibu kila kitu anachokitamani mtoto wa mjini: migomba isiyo na mwisho, mifereji ya maji, na mtu mzima asiyefoka ovyo. Jambo moja tu ndilo huwashinda, nalo ni choo. Mtoto aliyezoea kukalia choo cha maji huambiwa achutame juu ya shimo lenye giza ambalo mwisho wake hauoni. Anaogopa kutumbukia. Kwa hivyo hunyemelea nyuma ya migomba, na jioni huchapwa kwa kukosa adabu.

Kwa maoni yangu, mtoto huyo hana kosa lolote. Tundu lile lilikatwa kwa kipimo cha mtu mzima, wala hakuna aliyejiuliza miguu ya mtoto wa miaka minne inatanuka kiasi gani. Mzazi anayetaka kufunza tabia njema za chooni sharti kwanza ahakikishe kwamba choo chenyewe ni mahali ambapo mtoto anaweza kuingia bila hofu. Kiboko hakipunguzi upana wa tundu.

Katika sehemu kama Mboghoni jambo hili si la adabu tu. Migomba ya huko hunyweshwa maji ya Mto Lumi na ya chemchemi zinazotokana na Mlima Kilimanjaro. Mfereji mmoja hupita boma baada ya boma. Huyu anaosha sufuria, yule anafua, na watoto wanaogelea. Kinyesi kilichoachwa ukingoni huhitaji mvua moja tu kuingia majini.

Chukua mfano wa kichocho, ugonjwa unaojulikana tangu zamani katika mashamba ya Taveta yanayonyunyiziwa maji. Mayai yake hutoka kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, viini vikaingia ndani ya konokono, kisha vikatoka humo na kupenya ngozi ya yeyote aliyetia mguu. Mtu hahitaji kunywa hata tone moja. Minyoo nayo hungoja udongoni. Jike mmoja wa minyoo ya mviringo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo yanaweza kudumu ardhini kwa miaka. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2009 Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, na umesaidia sana. Lakini dawa huua minyoo iliyo tumboni. Haisafishi uwanja wa nyumba. Mtoto akirudi kucheza kwenye udongo ule ule, huambukizwa upya.

Kuna usemi ninaousikia kila mara kutoka kwa akina mama, wa mjini na wa mashambani vilevile: kwamba kinyesi cha mtoto mchanga ni maziwa tu, hakina madhara. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Watoto wadogo ndio huharisha mara nyingi zaidi, na kwa hivyo kinyesi chao aghalabu huwa na viini vingi kuliko cha baba yao. Kukitupa kichakani au kuosha nepi mferejini ni kumpelekea jirani ugonjwa. Mahali pake ni chooni, na aliyekitupa anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika kitu kingine.

Marekebisho yenyewe hayana gharama kubwa. Fundi anaweza kukata ubao wenye tundu dogo la kuwekwa juu ya lile kubwa mtoto anapoingia. Usiku awe na tochi, na mtu wa kumsindikiza bila kunung'unika. Mdogo zaidi atumie poti, kuanzia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi hadi miaka mitatu kulingana na utayari wake. Wakati mzuri wa kumkalisha ni baada ya chai ya asubuhi, kwani tumbo lililopokea chakula husukuma matumbo yafanye kazi. Akikaa dakika tano bila kitu, mwachilie. Msichana afunzwe kujifuta au kutawaza kutoka mbele kuelekea nyuma, ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo.

Kuhusu mikono, uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2003 ulikadiria kwamba kunawa kwa sabuni hupunguza hatari ya kuharisha kwa zaidi ya asilimia 40. Lakini sabuni katika nyumba zetu huwa wapi? Imefungiwa kabatini isimalizwe na watoto! Toboa mtungi wa plastiki wa lita 5, uuning'inize karibu na mlango wa choo, na utundike kipande cha sabuni kwa kamba. Hapo mtoto atanawa, hasa akimwona baba yake akinawa pia.

Wasomaji wa mjini wasidhani haya hayawahusu. Huletewa watoto wenye maumivu ya tumbo ambao, ukiwauliza taratibu, hukiri kwamba hawaendi haja tangu asubuhi hadi warudi nyumbani kwa sababu vyoo vya shule vinanuka na havina milango. Choo kikizuiliwa siku baada ya siku huwa kigumu, kikauma kukitoa, na mtoto akazidi kukizuia. Baadhi yao hatimaye huchafua nguo wakiwa darasani. Mzazi anayekagua madaftari kila muhula anaweza pia kuomba kuonyeshwa vyoo.

Na aliyerudi kutoka likizo ya mifereji, akikojoa mkojo wenye damu wiki au miezi baadaye, asiambiwe kwamba ni dalili ya kukua. Apelekwe kliniki mkojo na kinyesi vipimwe. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutibu vizuri ikitolewa mapema, kabla kibofu au ini havijaharibika.