Kabla hujakubali kumbebea mtu mimba

Msikilizaji wa Mbulu na Hanang, mtu akikuahidi pesa umbebee mimba, uliza kwanza: sheria itamtambua nani kuwa mama? Tanzania haina sheria mahsusi ya jambo hili, hivyo usitegemee mkataba wa karatasi pekee. Mtoto kuwa wa wazazi wengine kisheria ni kuasiliwa, kwa amri ya mahakama, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya pacha waliozaliwa hivi. Hospitali ilisita iandike jina la mama yupi, watoto wakapelekwa makao ya watoto.

Kabla ya kusaini, muone ofisa ustawi wa jamii wa wilaya au msaidizi wa kisheria. Ulizia pia: ukipasuliwa, nani atakuuguza?