Usimletee Mungu beti yako



Tangu Jumatano simu yangu haipumui. "Pasta, tuombee Jumapili." "Pasta, roho haitulii, niwekee mkono." Wa kwanza nilimuuliza ni nani mgonjwa. Kumbe ni Mashemeji Dabi.

Nisikilize kabla hujakasirika. Mimi si wale wachungaji wanaosema mpira ni wa shetani. Nimezaliwa Ingwe. Baba yangu aliiita timu hiyo Abaluhya mpaka siku tunamzika, kwa sababu ndilo jina ilianza nalo 1964. Nimeoa Mluo, na shemeji zangu wote watatu ni K'Ogalo damu. Hiyo presha naijua. Najua Jumamosi ambayo ugali haupiti kooni. Najua kuamka saa saba usiku kuangalia kama beki wetu amepona goti. Najua kuogopa simu ya shemeji Jumapili jioni, maana akishinda hapigi kukusalimia, anapiga kukuuliza kama leo mmekula. Na sisi Ingwe tuna sababu ya kuogopa: ligi tuliichukua mara ya mwisho 1998. Vijana karibu wote wa praise and worship walikuwa hawajazaliwa.

Na hofu hiyo sina ugomvi. Ni ya mtu anayependa kitu, na kufikia Jumanne imeisha. Mtu akitaka kukukemea pepo kwa sababu unaipenda Gor Mahia, mwambie pasta wako amekataa.

Ugomvi wangu ni na hofu ile nyingine. Wewe unajijua.

Dabi moja iliyopita, ndugu mmoja alikuja kesha ya Ijumaa. Alilia madhabahuni mpaka akina mama wakamletea leso. Nikamuombea mlango ufunguke, nikapaza sauti, kanisa zima likasema amina. Tulipotoka nje saa kumi alfajiri ndipo akaniambia huo mlango ni upi: alikuwa ameweka elfu arobaini na mbili Gor ishinde. Pesa za chama cha mke wake. Mechi ikaisha sare. Mke alijulia kwa mweka hazina.

Nakiri mbele yenu kwamba mimi niliombea beti kwa sauti kubwa bila kuuliza. Sitarudia. Ukija mbele Ijumaa hii nitakuuliza kwanza, na usiniambie ni "jambo la kibinafsi".

Utaniambia, "Pasta, nimeweka kwa imani." Imani gani? Ndugu aliyekaa kiti cha nyuma yako naye ameweka kwa imani, upande wa pili, na nyote mmefunga kula tangu Jumatatu. Unataka Mungu achukue karo ya mtoto wake akupe wewe ulipe kodi? Maana pesa ya beti haishuki kutoka mbinguni. Inatoka mfukoni mwa aliyepoteza, na kampuni inakata yake kabla ninyi wawili hamjaonja.

Fungua Yoshua sura ya 5. Yoshua yuko karibu na Yeriko, anakutana na mtu ameshika upanga. Anamuuliza swali la shabiki kabisa: wewe uko upande wetu au upande wa wale? Akajibiwa hapana. Hakupewa timu, mpendwa. Aliambiwa avue viatu.

Halafu kuna hawa wanaojiita watumishi, wanaouza "mechi za uhakika" kwenye simu, mia tano mia tano, na aya ya Biblia juu yake. Kama angejua matokeo angeweka pesa zake anyamaze. Angetafutia nini mia tano zako?

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba beti imewaibia hata mpira wenyewe. Nimemwona mtu wa Ingwe, amevaa jezi ya Ingwe, amekaa kimya Ingwe ilipofunga. Nikamuuliza kulikoni. Alikuwa ameweka Gor! Timu ya baba yake inafunga na yeye tumbo linamkata. Mwingine aliweka kwamba magoli yatakuwa matatu au zaidi, kipa akiokoa anamtukana, kipa wake mwenyewe. Penalti ya dakika ya 88 huioni tena kama penalti. Unaona kodi ya nyumba imewekwa pale kwenye alama nyeupe, na kijana wa miaka ishirini anarudi nyuma kuipiga teke. Ukikosa usingizi kwa hiyo, usiite ushabiki.

Na usiniambie tunasaidia timu zetu. Zote mbili zilivaa jina la kampuni ya beti kifuani. Mwaka 2019 mambo ya leseni yalipokwama, ufadhili ukakatika, wachezaji wakakaa bila mishahara.

Mnataka niombee dabi? Nitaiombea. Tarehe 23 Oktoba 2010, pale Nyayo, watu saba walikufa kwenye msongamano wa kuingia kutazama mechi hii hii. Waliaga nyumbani wakaenda mpirani. Kwa hiyo Jumapili nitaomba kila aliyeenda arudi, mwenye jezi ya kijani na mwenye ya buluu, na watoto waliobebwa mabegani. Hapo semeni amina kwa nguvu zote.

Wewe ambaye tayari umeweka pesa isiyo yako, usingoje dakika ya tisini. Kaa chini na mkeo leo usiku, kabla ya taarifa ya habari. Mweka hazina mpigie wewe kabla hajakupigia. Ukiona huwezi peke yako, nitakuwa ofisini Jumamosi kuanzia saa nne mpaka saa kumi, na mlango wa nyuma uko wazi kwa anayeona haya. Yule ndugu wa elfu arobaini na mbili amekubali kukaa hapo na mimi. Bado anailipa, elfu mbili kwa mwezi, na mke wake ndiye anayeandika kwenye kitabu.

Ibada ya Jumapili ni moja tu, saa mbili na nusu, na nitamaliza mapema. Msicheke. Jezi zinaruhusiwa. K'Ogalo mkae upande wa kinanda, nikiwa nahubiri niwaone.