Tairi la matope haliwezi kuwa barabara

Kamyo inayotoka bandari ya Mombasa na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi inakuwa imetembea juu ya lami kupitia Nairobi, Kampala na Kasese. Matairi yake ni ya lami, yenye mifereji myembamba iliyonyooka. Lakini mzigo ukiwa wa Kisangani, baada ya Beni kamyo hiyo inashika barabara ya taifa namba 4, zaidi ya kilomita 700 kupitia Komanda, Mambasa na Niania, ndani ya msitu wenye mvua nyingi. Hapo udongo mwekundu unajaza ile mifereji, tairi linakuwa laini kama sabuni, na kamyo inalala njiani.

Ndiyo maana ushauri mmoja unasikika kila msimu wa mvua, kwenye maegesho na kwenye garaji: weka tairi la matope, lile la meno makubwa. Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu nyingine haisemwi, na ndiyo inayogharimu maisha ya watu na kumaliza barabara yenyewe.

Nusu ya kwanza iko hivi. Tairi la matope lina meno marefu yaliyoachana. Jino linazama kwenye tope na kutafuta udongo mgumu chini. Tairi likizunguka, nafasi kati ya meno inatupa tope nje, hivyo jino linarudi chini likiwa safi. Matairi mengi ya aina hiyo yana meno hata ubavuni, ambayo yanasaidia gurudumu kupanda ukuta wa shimo. Mahali ambapo tairi la lami linazunguka bure, hili linavuta.

Sasa tuangalie upande wa lami. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilizindua mradi wa kutengeneza kilomita 223 za barabara, ikiwemo Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Maana yake ni kwamba gari moja linaweza kukutana na lami na tope siku ileile. Juu ya lami, zile nafasi zilizosaidia kwenye tope zinakuwa hasara, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni kidogo. Mvua ikinyesha na dereva akikanyaga breki, gari linachukua mita nyingi zaidi kabla ya kusimama. Kwenye kona, meno marefu yanapinda na usukani unachelewa kujibu. Kelele ni nyingi, mafuta yanakwenda zaidi, na meno yenyewe yanaisha haraka. Mwenye gari analipa tairi ghali, kisha analimaliza mahali ambapo halikuhitajika.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni moja: gari hili linatembea wapi zaidi? Jeep ya kituo cha afya inayoshinda vijijini ina sababu ya kuvaa meno makubwa. Gari linaloshinda mjini Butembo na kwenda shambani mara moja kwa mwezi halina sababu hiyo. Kwa kamyo ya njia mbili, inafaa zaidi kuweka matairi ya meno nyuma, kwenye magurudumu yanayovuta, na kuacha mbele matairi ya mifereji ambayo yanashika usukani vizuri.

Kuna pia jambo la upepo. Madereva wanajua kwamba kupunguza upepo kunapanua tairi na kusaidia gari kutoka kwenye tope. Wengi wanasahau kuurudisha. Tairi lenye upepo kidogo likikimbia juu ya lami na mzigo mzito linapata joto ubavuni, halafu linapasuka. Kamyo yenye breki za upepo haina kisingizio, kwa sababu mtungi wake mwenyewe unaweza kujaza tairi.

Na kuna umri. Matairi mengi yanayouzwa kwenye masoko ya mashariki yametumika kwanza nchi za nje. Mnunuzi anatazama meno na kuridhika. Atazame pia ubavuni, mwisho wa herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani, na meno marefu hayawezi kuponya mpira uliopasuka-pasuka.

Lakini hata tairi jipya, zuri na la bei kali halitengenezi barabara. Mara nyingi linafanya kinyume. Meno makubwa chini ya kamyo iliyopakia kupita kiasi yanachimba mifereji kwenye udongo uliolowa. Maji yanatulia humo, kamyo ya pili inaongeza, na baada ya siku chache kunakuwa shimo linalomeza kabini. Aliyepita kwa nguvu ya tairi lake amewafungia njia wote walio nyuma yake: mwenye pikipiki aliyebeba mama mjamzito, mchuuzi wa samaki, mwanafunzi anayerudi nyumbani.

Ndiyo kazi ya kizuizi cha mvua. Mti unashushwa, magari mazito yanangoja udongo ukauke, kisha yanapita. Kila mara mti huo unapoinuliwa mapema, kwa huruma au kwa noti iliyokunjwa, barabara inalipa. Wenye magari wanajibu kwamba ndizi na nyanya haziwezi kungoja siku mbili, na hawana uongo. Ila mzigo unaosubiri saa chache unaoza kidogo kuliko mzigo unaokwama wiki nzima nyuma ya kamyo iliyozama.

Tatizo lenyewe haliko dukani kwa matairi. Adui wa barabara ya udongo ni maji yasiyo na pa kwenda. Mtaro ukizibuliwa, barabara ikiinuliwa katikati na matawi yanayozuia jua yakikatwa, udongo unakauka haraka na hata tairi la kawaida linapita. Kazi hiyo inafanywa kwa jembe na koleo na kamati za vijiji za kutunza barabara, pale zinapolipwa kwa wakati. Mfuko wa kuilipia upo: FONER iliundwa kwa sheria mwaka 2008, na inalishwa na tozo kwenye mafuta na malipo ya vituo vya peaji. Dereva anayenunua mazuti Beni amekwisha changia mtaro wa Mambasa.

Akilazimika kununua na tairi la matope, anailipia barabara ileile mara ya pili. Ana haki ya kuuliza malipo ya kwanza yalikwenda wapi, kituo kwa kituo na kilomita kwa kilomita. Viongozi wa Kivu Kaskazini, Ituri na Tshopo wanaweza kuanza na jambo dogo: kubandika kwenye kila kituo cha peaji hesabu ya kilichokusanywa mwezi uliopita na mitaro iliyozibuliwa. Hesabu hiyo itawafaa madereva kuliko meno yoyote ya tairi.