Haluli Si Tiba ya Kila Tumbo

Yako maradhi ambayo watu huyataja barazani bila haya, na yako mengine ambayo hunong'onwa tu. Mwenye homa humwambia jirani yake, na mwenye kikohozi hupewa shauri na kila apitaye. Bali mtu aliyekaa siku tano bila kupata choo hunyamaza, akanunua dawa kwa siri na kuinywa kwa siri. Leo twataka kuyasema maradhi hayo waziwazi, maana wazee wetu walikwisha tuambia kwamba mficha uchi hazai.

Twasema habari za kufunga choo, ambako vitabu vya utabibu hukuita uyabisi wa tumbo. Na twasema hasa na ndugu zetu wa wilaya za Tarime na Serengeti: wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Nyamongo, madereva na wachukuzi wa mpakani Sirari, askari wa wanyamapori na wapishi wa makambi ya watalii, wakulima na wafugaji, na akina mama wa Mugumu washindao sokoni tangu alfajiri. Tumewataja hao kwa sababu kazi yenyewe huweza kuyaita maradhi haya. Mtu afanyaye kazi juani akanywa maji kidogo, akaketi juu ya kiti cha gari kutwa nzima, akala chakula cha haraka cha njiani, na akajizuia haja kwa kuwa hapana choo cha staha karibu naye, huyo analitendea tumbo lake jambo lisilostahili. Basi mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya wavivu au ya watu walioshiba. Ni maradhi ya watu wa kazi pia.

Yafaa kwanza tufahamiane. Kukosa choo siku moja au mbili si ugonjwa. Madaktari husema mtu ana uyabisi wa kudumu ikiwa kwa muda wa miezi mitatu au zaidi anapata choo pungufu ya mara tatu kwa wiki, au choo chake ni kigumu kama gololi, au hana budi kujikamua sana kila mara, au akitoka chooni bado anahisi hakumaliza. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka katika mabaki ya chakula. Mabaki yakikawia humo, maji huzidi kunyonywa, na choo huzidi kuwa kigumu. Kisha huja maumivu, michubuko na bawasiri. Na mtu akiogopa maumivu hujizuia tena, mambo yakazidi kuwa mabaya.

Sasa, mtu huyo hufanya nini? Aghalabu huenda mnadani au kwenye stendi ya mabasi, akasikiliza kipaza sauti cha mwuza dawa anayeahidi kusafisha tumbo, damu, figo na bahati mbaya, vyote kwa chupa moja. Au huenda dukani akaomba haluli, mafuta ya nyonyo, au majani ya sanamaki. Hatuwatukani wazee waliotuachia dawa hizo. Sanamaki ni dawa ya kweli. Ndiyo hiyo hiyo ambayo viwandani hutengenezwa vidonge vya sena, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Tunalolipinga si dawa. Tunalolipinga ni kuinywa bila kupima, bila kujua sababu ya ugonjwa, na bila kumwuliza mtu aliyesomea.

Kwa nini twasema hivyo kwa ukali? Kwa sababu tumbo lililofunga si daima tumbo linalotaka kuharishwa. Utumbo huweza kujisokota kama kamba, na wapasuaji wa Afrika ya Mashariki wanaujua sana ugonjwa huu. Mgonjwa wa namna hiyo tumbo lake huvimba, hutapika, hupata maumivu makali, wala hapitishi choo wala upepo. Huyo akinyweshwa haluli, utumbo huweza kupasuka, na jamaa zake watabaki kusema amelogwa. Hali kadhalika mtoto mchanga aliyepitisha saa 48 tangu kuzaliwa bila kupata choo cha kwanza: huenda sehemu ya utumbo wake haina mishipa ya fahamu, na dawa yake ni kisu cha mpasuaji, si kijiko cha mafuta. Mama mjamzito akinywa mafuta ya nyonyo aweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Mwenye figo dhaifu akinywa chumvi ya haluli huweza kudhurika, kwa kuwa magnesi iliyo ndani yake hulimbikana mwilini. Na mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika ghafla, akaona damu, akakonda bila sababu, hana budi kuchunguzwa saratani ya utumbo. Kila wiki anayopoteza kwa kunywa haluli ni wiki anayoupa ugonjwa nafasi ya kukua.

Twaomba wasomaji wakumbuke pia kwamba elimu ya jambo hili ina mizizi hapa hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake waliona kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa hawakusumbuliwa na baadhi ya maradhi ya tumbo yaliyojaa Ulaya. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wawili walichapisha vipimo vyao: wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi, Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100 tu, na chakula chao kilikawia zaidi ya siku tatu. Dunia nzima ilianza kusifu makapi ya nafaka kwa kumtazama mkulima wa Afrika ya Mashariki. Lakini je, sisi wenyewe? Twaacha ugali wa ulezi na wa mtama, twaacha dona, twafuata sembe nyeupe na mkate mweupe kwa kudhani ndio ustaarabu. Hatusemi kwamba mtama ni kinga ya kila kitu; utumbo wa mla mtama nao hujisokota. Twasema tu kwamba si busara kutupa kilicho chema jikoni, kisha kwenda kukitafuta kwa fedha katika duka la dawa.

Hata hivyo, si kila mtu atapona kwa maji, mboga na dona. Hapo ndipo ilipo hoja yetu kubwa. Wako watu ambao uyabisi wao umeletwa na dawa nyingine walizopewa kwa haki. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo vina madini ya chuma, na huweza kufunga choo. Mama akiona hivyo, bila kuambiwa la kufanya, huvitupa chini ya kitanda; kisha siku ya kujifungua anafika na upungufu wa damu, na mkunga anahangaika kuokoa roho mbili. Mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, huenda amepewa mofini ya kunywa ili kupunguza maumivu. Mofini hulegeza mwendo wa utumbo, na mwili hauzoei jambo hilo kama unavyozoea usingizi wake. Asipopewa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, hufika mahali akachagua maumivu ya saratani kuliko maumivu ya tumbo, akaiacha mofini. Ni nani kati yetu angependa baba yake afe katika uchaguzi wa namna hiyo, kwa kukosa dawa isiyo ya ajabu?

Ndiyo maana twasema dawa za uyabisi wa kudumu ziandikwe kwa cheti, na anayeziandika awe amemchunguza mgonjwa. Ziko ngazi za kupanda. Ngazi ya kwanza ni chakula, maji, mwendo, na kwenda choo kwa saa maalumu, hasa baada ya chakula cha asubuhi, wakati utumbo wenyewe unapoamka. Ngazi ya pili ni dawa zinazovuta maji ndani ya utumbo, kama laktulosi na makrogoli, au zinazouchochea utumbo, kama sena na bisakodili. Mwaka 2023 vyama viwili vya mabingwa wa tumbo wa Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja, na makrogoli ilikuwa miongoni mwa dawa zilizosifiwa zaidi. Ngazi ya tatu ni dawa mpya ambazo huko kwao hazitolewi bila cheti: lubiprostoni iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006, linaklotidi ya mwaka 2012, na prukalopridi iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2018. Mbili za kwanza huongeza maji ndani ya utumbo. Ya tatu huuamsha mwendo wake.

Dawa hizo mpya ni za thamani kubwa, na zina miiko yake. Linaklotidi haitolewi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa hatari ya kumkausha maji. Kwa hiyo asitokee mtu akazileta mfukoni kutoka ng'ambo na kuziuza kwa jina la maajabu. Wala asitokee mwingine akasema kwamba mgonjwa wa Tarime hastahili kuzisikia kwa kuwa ni maskini. Haki ni hii: mgonjwa aanzie ngazi ya chini, na ikimshinda, apelekwe juu, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa huko Musoma, na kupita hapo ikibidi, bila kudharauliwa kwamba ugonjwa wake ni wa kuchekesha.

Twajua watakaotujibu. Watasema, zahanati zetu zina shida ya dawa za malaria, nanyi mwaleta habari za choo! Twawajibu kwa heshima kwamba hatuombi moja liondolewe ili jingine liwekwe. Vidonge vya sena na bisakodili si dawa za fedha nyingi. Bali mgonjwa aliyepasuka utumbo kwa haluli, au mama aliyekufa kwa kukosa damu, gharama yake haina hesabu. Katika mkoa huu huu alizaliwa Mwalimu Nyerere, aliyetufundisha kuwahesabu ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui watatu. Katika jambo hili maadui hao wamefuatana: umaskini unamnyima mtu choo cha kazini, maradhi yanamshika, na ujinga unamwuzia chupa mnadani.

Basi shauri letu ni hili. Waganga Wakuu wa Wilaya za Tarime na Serengeti wahakikishe kwamba dawa za kulainisha choo zimo katika maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa, na kwamba hakuna anayepewa mofini bila kupewa dawa hizo. Wakunga wa kliniki wamwambie kila mama mapema kwamba vidonge vya damu huweza kufunga choo, na kwamba dawa ya hilo si kuvitupa. Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa kusudi la kuwapatia watu wa vijijini dawa salama, yakumbuke kusudi hilo, wala yasimpe mtu dawa ya cheti pasipo cheti. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ifike minadani, si mijini tu. Waajiri, wakubwa kwa wadogo, wachimbe vyoo na kuweka maji ya kunywa mahali pa kazi. Na vyama vya wafanyakazi viyadai mambo hayo kwa sauti ile ile vinayodaia mshahara.

Nawe, ndugu msomaji, tumbo likikufunga wiki baada ya wiki, nenda zahanati, useme wazi. Ukiona damu, ukikonda, ukitapika, au tumbo likavimba lisipitishe hata upepo, usingoje kesho, wala usinywe kitu cha kuharisha. Daktari hatakucheka, amesoma miaka mingi ili kuyasikia maneno hayo hayo unayoyaonea haya. Aibu haijamponya mtu yeyote, na makaburi hayamwulizi mtu kama alikuwa na haya.