Mwenyeji, kaa mbali!

Leo tuchungulie mbio za ramani na dira, zile za kusaka vituo porini ama mitaani. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway mwaka 1897. Ramani ya mbio unakabidhiwa pale pale unapoanza.

Patamu ni hapa: waandaaji wakishatangaza eneo, mkimbiaji haruhusiwi kulikanyaga tena bila ruhusa hadi siku ya siku. Porini sawa. Lakini mwaka 2024 ubingwa wa dunia wa mbio fupi ulifanyika Edinburgh, mji mzima wenye watu na watalii wao! Sasa mshikaji aliyekulia pale, anayejua kila kichochoro, utamfuta kumbukumbu kwa sabuni?

Marufuku inamkuta kashapita zamani. Anayeumia ni mgeni wa mbali, ambaye hata kuchungulia hawezi tena. Ndiyo maana mimi naipenda zaidi ile kanuni ya shirikisho lao la dunia: kama eneo lina ramani ya zamani, wakimbiaji wote waonyeshwe kabla ya mbio. Haimfikishi mgeni kwa mwenyeji, lakini walau haingii kipofu.