Mwanamichezo anahesabiwa, sisi tunapakiwa tu

Ndugu msomaji, na wewe unayetufuata kila asubuhi kwenye redio, leo sitoi habari. Leo naandika kwa uchungu.

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa nane 2024, kwenye bahari ya Marseille huko Ufaransa, ilichezwa fainali ya mbao za tanga ya michezo ya Olimpiki ya Paris. Ni mchezo wa mtu kusimama juu ya ubao, akashika tanga kwa mikono yake, upepo ukampeleka. Marta Maggetti wa Italia alipata dhahabu kwa wanawake, Tom Reuveny wa Israeli kwa wanaume. Fainali hiyo ilipaswa kuisha siku iliyotangulia, lakini upepo haukueleweka, waandalizi wakaisogeza. Dunia nzima ilikuwa inatazama, na bado waliahirisha. Hakuna aliyesema « twende tu, Mungu yuko ».

Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 3 mwezi wa kumi, mashua Merdi ilitoka Minova, Kivu Kusini, kuja Goma. Ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa ukingoni wanaangalia. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278. Ilitengenezwa kwa watu 80.

Wengi waliokuwa ndani hawakupenda ziwa. Barabara ya Goma kwenda Minova kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita. Mama wa maharagi na ndizi, mwanafunzi, familia iliyokimbia risasi: wote walibaki na njia moja tu, ya maji.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi tufanane na Marseille kwa utajiri. Nasema kuna jambo moja wanalofanya ambalo haliombi utajiri: wanahesabu watu.

Kwenye mashindano mengi ya matanga, mchezaji anasaini kabla ya kuingia majini, na anasaini tena akitoka. Akisahau, anaadhibiwa hata kama ni bingwa. Jioni jina moja likikosa alama, boti za uokozi zinarudi kutafuta. Bendera ya milia myekundu na myeupe ikipanda, mbio zinasubiri. Na kanuni ya kwanza kabisa ya mchezo huo haihusu ushindi, inasema umsaidie yeyote aliye hatarini. Hao ni watu wanaojua kuogelea, waliovaa jile, wanaocheza mwisho wa juma kisha wanarudi nyumbani.

Na sisi? Baada ya Merdi, mkubwa mmoja alitoa hesabu yake ya wafu, mwingine akatoa yake. Hazikulingana. Zingelingana vipi? Kama hujui wangapi walipanda, utajuaje wangapi hawakutoka? Kuna mama hadi leo hajui kama amlilie mtoto wake au aendelee kumngoja. Huyo mama hakunyimwa mtoto na ziwa peke yake. Alinyimwa hata jina la mtoto kwenye karatasi.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi ni watu tunaoandikwa sana. Tunaandikwa kwa kadi ya kura. Mkimbizi wa ndani anaandikwa ili apate jetoni ya unga, na jina likikosewa herufi moja anarudishwa nyuma ya mstari. Lakini akifika ziwani, anakuwa mzigo kati ya magunia.

Kwa kazi hii nimepanda mashua mara nyingi, kwenye bandari ambazo sitazitaja. Nauli yangu haijawahi kusahauliwa. Jina langu limesahauliwa mara nyingi.

Watasema hakuna pesa. Daftari na kalamu ni bei gani? Havihitaji mazuti wala mfadhili.

Watasema abiria wenyewe ndio wanalazimisha kupanda. Mtu anayekimbia vita atapanda hata gogo. Ndiyo sababu kuna mtu analipwa kusimama pale na kusema: imejaa, ngojeni nyingine.

Watasema orodha zipo. Basi kwa nini tulihesabu wafu kwa kukisia? Nitasema wazi: jina lisiloandikwa ni nauli isiyoonekana. Abiria wa 81 hawezi kuwa kwenye orodha, kwa sababu pesa yake ina mfuko mwingine. Ndiyo maana daftari linaogopwa kuliko dhoruba.

Tulishaahidiwa. Mwezi wa ine 2019, baada ya mashua nyingine kuzama kwenye Ziwa Kivu na watu zaidi ya mia moja kukosekana, Rais Tshisekedi aliagiza abiria wote wavae jile. Miaka mitano baadaye, Merdi ikazama. Agizo bila mtu wa kulisimamia ukingoni ni tangazo tu la redio, na mimi ninajua, ndio tunaoyasoma.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, kwa yeyote anayeshika bandari leo, bila kujali anatumikia bendera gani. Kila safari iwe na orodha mbili. Moja iende na mashua, nyingine ibaki ukingoni, kwa sababu orodha iliyo ndani ya mashua inazama pamoja na mashua. Idadi ikifika, kamba isifunguliwe kwa mtu mwingine, hata akiwa mkubwa.

Na wewe ndugu, usingoje mkubwa. Kabla ya kupanda, uliza: jina langu limeandikwa wapi? Ukikuta hakuna daftari, mwachie jirani au dada yako jina la mashua, saa ya kutoka na majina ya watoto ulio nao. Ukifika salama, mpigie.

Siku moja natamani kuona vijana wetu wakishindana kwa matanga kwenye maji haya ya Kivu, watu wakishangilia kutoka Idjwi. Siku hiyo hawa vijana wataandikwa, watahesabiwa. Mama yao anayevuka na gunia la mihogo anastahili hivyo leo.